Kufuli Pembeni mwa Anwani

Usiku wa Januari, Cēsis, theluji imeziba dirisha.
Vizma anauza soksi za sufu mtandaoni
na tangu asubuhi hajauza hata mguu mmoja.
Mteja wa Bergen ameandika:
Duka lako linaniambia nikimbie.

Cheti kimekwisha muda.
Siku tisini, zimempita kama uzi kidoleni.

Anaomba kingine. Mtoa vyeti, asiyemjua kwa sura,
hataki pasipoti wala jina la babake;
anasema tu: kama nyumba ni yako kweli,
ficha neno hili chini ya mkeka wa mlangoni,
nitakuja kulichungulia.

Anaficha. Amekosea nukta. Anakataliwa.
Chai imepoa.
Anaficha tena.

Ufunguo wa siri hampi mtu,
hata Andrejs, aliyemjengea tovuti
kisha akavunja ndoa.

Saa nane na robo, kufuli inatokea,
ndogo kama punje ya mtama,
na Vizma anacheka peke yake jikoni:
kumbe wageni walikuwa wakingoja
mlango ufungwe ndipo waingie.

Anachukua kalamu nyekundu, anaiendea kalenda.
Aprili mosi: CHETI.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
usijifanye umesahau, wewe.