Utepe Mweusi

Semdoe alikuwa na wembe, beseni la maji moto
na utepe mweusi wa mafundi umeme.
Kila santuri iliyoingia chumbani kwake, Barabara ya Kumi na Tatu,
ilizibwa jina kwanza,
ndipo ikaruhusiwa kuzunguka.

Mimi nilikuwa mbeba kreti.
Binti wa muuza mkaa, mikono imeshazoea uzito,
na sharti lilikuwa moja: nisisome.

Wapiga disko wa Makorora walikuja na soda, na sigara, na maneno laini:
"Fundi, ule wa jana, wenye gita linalolia kama bawaba,
ule wa nani?"
Naye hakawii: "Ule? Unaitwa Uliza Mjomba."
Wakaenda kuutafuta Uliza Mjomba
mpaka Mombasa.
Alicheka hadi akakohoa.

Msimwite bahili upesi.
Ile santuri aliifuata kwa baiskeli mpaka Ngomeni,
mvua za vuli, njia nyekundu katikati ya mkonge,
karani wa klabu ya kambi hataki fedha, anataka baiskeli.
Akarudi kwa miguu, santuri kifuani chini ya shati,
ncha za mkonge zimemchora mikono.
"Mimi nimelipa kwa miguu," akisema, "wao walipe kwa mdomo?"
Sikuwa na jibu. Hata leo sina zuri.

Kiharusi kilimkuta akigeuza upande wa pili.
Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua na majina.
Nilimwonyesha moja moja, mia tatu na kumi na mbili,
akatazama ule weusi,
akatazama,
kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake
na funguo anaziona dirishani.
Tulimzika Alhamisi.
Nikarithi muziki usio na wenyewe.

Kisha ile sherehe ya Chumbageni, ya wanawake peke yao.
Niliipiga ile ya Ngomeni,
na kutoka uani, penye masufuria, akaja bibi
na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi mkekani.
Hakucheza. Alisimama mbele ya spika
akaweka kiganja pale sauti inapotokea
kama unavyompima mtoto homa.
"Huyu Mwanamkasi," akasema. "Huyu dada yangu.
Alikwenda kuimba mara moja tu, baba asijue.
Tukaambiwa mashine iliharibika."
Miaka hamsini na mmoja.
Na Bi Chausiku anakaa Barabara ya Kumi na Tano,
mitaa miwili tu kutoka beseni la Semdoe.

Usiku ule niliubandua utepe,
taratibu, kwa mvuke wa birika,
na karatasi ikatoka nao.
Jina likahamia kwenye gundi, kinyumenyume,
santuri ikabaki na kovu jeupe.
Niliupeleka utepe kwenye kioo cha kabati,
nikasoma MWANAMK, kisha Gita: H. SHE,
kisha nambari, kisha basi.
Mficha uchi hazai, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba anaweza kumfanya tasa na mwenzake.

Siku hizi nikiulizwa, nasema.
Vijana wanainua simu, wanavua sauti hewani;
nawaambia shusha mkono, andika: Mwanamkasi.
Mpiga gita simjui, nisaidie kumtafuta.
Bi Chausiku huja Ijumaa kunijazia mapengo.
Mengine anakosea, tunagombana, tunakunywa chai.

Ila iko moja.
Kreti ya chini kabisa, nyuma ya zote.
Niliipata mwenyewe, Pangani, kwa njia nisiyopenda kusimulia.
Jana kijana wa Mikanjuni kanijia, jasho linamtiririka, macho yamemtoka:
"Dada, hii ya nani?"
Mdomo wangu ukafunguka.
"Hii?" nikamsikia Semdoe akinitoka kooni.
"Hii inaitwa Uliza Shangazi."