Pangaboi la Luano

Liko puani, upande wa kulia,
nyuma ya kijilango kama cha kabati la sahani:
pangaboi la mabawa mawili, limekunjwa
kama mkono wa mtu aliyelalia ubavu.
Abiria hawalijui. Wanapanda, wanafunga mikanda,
wanauliza soda.

Mimi nalijua. Saa zake zikitimia
ndege inaletwa kwenye hanga usiku,
naweka vigingi magurudumuni,
nampigia Tshibola kelele asogee,
maana hili likitoka halibishi hodi.
Navuta mpini.
Tah!
Linaning'inia nje, uchi, halina aibu,
nasi tunalizungusha kwa mota, tunasoma volti,
kama watu wanaomwamsha mlinzi
kumuuliza kama amelala.

Kazi yake ni moja, na kwenye ndege hii haijawahi kuifanya:
jenereta za injini zikizimika, zote mbili,
na ile ndogo ya mkiani ikagoma,
betri zinashika kwa pumzi chache,
kisha lenyewe linadondoka, linaukamata upepo
wa ndege inayoshuka
na kuusaga uwe umeme.
Yaani mteremko ndio unaolipia taa.

Si taa zote.
Siku ya kwanza ya mafunzo Bwana Kyalwe alituuliza:
ukibakiziwa umeme wa pasi chache tu, utawasha nini?
Mmoja akasema friji, kuna samaki.
Mwingine akasema televisheni, kuna mechi.
Akafuta ubao, polepole.
"Nyinyi mmeshaanguka."

Kinachowaka ni kioo cha mwinuko, dira,
redio moja, nguvu ya kugeuza usukani.
Chai haichemki. Nyuma ni giza, watu wanashikana mikono.

Kwetu Katuba giza halihitaji ajali.
Delestaji huja saa ya bukari,
tunatafuta sombe sahanini kwa mwanga wa simu.
Na waya hizi ninazozifunga kwa uzi, nyeupe, safi,
huenda shaba yake ilipita mikononi mwa baba
kwenye tanuru, chini ya lile bomba refu la moshi,
ikavuka bahari, ikabatizwa,
ikarudi kwetu kama mgeni wa kuandaliwa kiti.

Baba alipigwa kiharusi Februari.
Vilizimika kimoja kimoja:
mkono wa kushoto, jina la mtaa,
dada zangu, wote wanne, kwa usiku mmoja.
Kilichobaki ni zamu.
Saa kumi na moja alfajiri anaketi kitandani:
"Tanuru limewaka?"
Nasema limewaka.
Anavaa kofia ya kazi, anatulia.
Nikimpa kipande cha waya anakipitisha kwenye gumba,
anafumba macho, anataja usafi wake kwa asilimia.
Sijui kama anapatia. Sijawahi kupima.

Kuna jambo lisilosemwa sana.
Karibu na ardhi, mwendo ukipungua,
upepo haulitoshi tena pangaboi. Linalegea.
Zile hatua za mwisho, kabla tairi halijagusa lami,
ni betri tena, ileile ya mwanzo,
na aliyeichaji jana.

Nalirudisha kwa pampu ya mkono.
Bega linauma, Tshibola anahesabu kwa sauti, anakosea, anaanza upya.
Kijilango kinafunga. Naandika kitabuni:
limetoka, limezunguka, limerudi.
Nasaini Mujinga.
(Wa pwani msicheke. Kwetu ni jina la mtoto
aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingo.)

Nje, upande wa Katuba, hakuna hata nukta.
Saa kumi na robo. Pikipiki ina mafuta ya kunifikisha.
Niwe mlangoni kabla hajauliza.