Mlango wa Birere

Tanuri la shangazi Katungu limekaa juu ya tanuri lake la zamani.
Kati yake kuna moto ulioganda,
tangu Januari ile mlima uliposhuka mjini
ukapita Birere kama mwenye nyumba.
Ukutani kwa nyuma kizingiti cha juu bado kinaonekana,
ubao mmoja, upana wa kiganja,
halafu jiwe jeusi.
Hapo ndipo tulipokuwa tukiingia.

Nafundisha historia Katindo, wanafunzi sitini na mmoja,
na jana tulifika kwa Wafrigia.
Nilichora ubaoni walichokichonga kwenye miamba:
mlango, fremu, nakshi mpaka juu,
na nyuma yake mlima mtupu.
Hawakuuchonga ili mtu aingie.
Walimngoja Mama, Matar, atoke.
Mumbere wa dawati la mwisho akauliza,
"Mwalimu, kama ile ya kwetu?"
Chaki ikanikatikia mkononi.

Mfalme wa dhahabu nilimruka.
Dhahabu wanaijua, kaka zao wamo mashimoni.
Niliwaambia kilichosalia cha lugha:
laana makaburini, nyingi,
atakayelidhuru kaburi hili na alaaniwe,
na neno moja la jikoni, bekos, mkate.
Husimuliwa kwamba mfalme wa Misri alifungia
vichanga wawili pamoja na mbuzi, bila sauti ya mtu,
apate kujua lugha ipi ilitangulia duniani,
nao wakanyoosha mikono: bekos.
"Ni mbuzi, Mwalimu! Beee!"
Darasa zima likalia kimbuzi mpaka kengele.

Mimi sikucheka sana.
Bibi mzaa mama, wa Walikale,
aliniachia maneno mawili tu ya kwao:
la kuomba chakula,
na la kumkemea anayekanyaga kaburi.
Mengine yote aliondoka nayo,
na sikumuuliza, nilikuwa nasomea mtihani wa Kifaransa.

Jioni nikamsimulia shangazi. Akafuta unga puani.
"Bekosi?" Akaongeza i, kama tunavyofanya,
neno haliachwi mlango wazi.
"Bekosi. Si baya."
Leo alfajiri nimemsikia dirishani
akimwambia mteja, uso mkavu kabisa,
"Bekosi imebaki tano. Mia tano moja."
Mteja akalipa. Hakuuliza.
Nyuma yao kizingiti kilikuwa na joto,
na paka amelala juu yake.