Kizingiti cha Ghorofa ya Nne

Vaida alifika Dundee na kamusi ya mfukoni,
pembe zimeliwa, kurasa za M zimelegea gundi.
Kitenzi hiki hakukitafuta. Kilimvamia stesheni,
kikitoka kwenye kipaza sauti juu ya kichwa chake:
maindi pengo, kati ya treni na jukwaa.
Akaandika kwa penseli: kuangalia. Kujihadhari.

Alipopungukiwa peni kumi, muuza pai akampungia mkono:
usimaindi, kipenzi.
Akaandika: kujali.
Shona wa ghorofa ya chini, mwenye mapacha,
alimwomba awamaindi watoto dakika kumi tu, akachukue dawa.
Dakika kumi zikazaa saa mbili na nusu.
Akaandika: kulea,
akakipigia mstari.
Na yule abiria wa basi namba ishirini na mbili,
alipoulizwa kama dirisha lifunguliwe,
alisema hamaindi, ilhali uso mzima ulimaindi.
Hapo Vaida hakuandika kitu. Alicheka hadi kituo cha mwisho.

(Sisi tulikiazima kwa upande wa hasira tu,
usimaindi, mwanangu, ulikuwa utani,
kama mtu aliyeazima koti la jirani
akavaa mkono mmoja.)

Kisha akapata kazi kwa Ishbel Geddes,
miaka themanini na minne,
masikio aliyaacha kiwandani, kwa mashine za magunia,
na sasa akili nayo inaaga, taratibu,
kama mgeni anayesahau mwavuli, anarudi, anaondoka tena.
Karatasi iliyobandikwa kwenye friji ilisema:
vidonge saa mbili. Chai, maziwa kidogo.
Usibishane naye.

Asubuhi ya kwanza Ishbel alinyosha kidole
kwenye picha juu ya televisheni.
"Unammaindi Dod?"
Vaida akapekua alichonacho kichwani:
namjali? Namlea? Nakerwa naye?
Akachagua adabu. "Hapana, bibi. Simmaindi hata kidogo."
Ishbel akageukia ukuta.
Chai ikapoa, ikafanya utando.

Jioni Struan, mwanawe, alikuja na samaki wa kukaanga,
akasikia kisa, akaketi kwenye mkono wa kochi.
"Kwa Waingereza wa kusini neno hilo lina sebule tu," alisema.
"Sisi huku tumelijengea chumba cha nyuma.
Mama alikuuliza kama unamkumbuka baba."
"Sikuwahi kumwona."
"Najua. Ungesema ndiyo."

Penseli haikutosha. Akaandika kwa wino, ukingoni,
herufi zikipanda ukuta wa ukurasa:
kukumbuka.

Tangu siku hiyo Vaida alimmaindi Dod kila asubuhi:
kofia yake, njiwa wake wa mashindano,
na ile Krismasi aliyoanguka na bata mzinga.
Alimkumbuka vizuri hata akamwongezea mambo,
na Ishbel akamsahihisha, akafurahi kusahihisha.

Februari ukungu ulipanda kutoka mto Tay,
ukala daraja, ukala taa, ukabisha dirishani.
Ishbel alimtazama Vaida muda mrefu,
kijiko kimesimama hewani.
"Wewe," alisema, "nakumaindi?"
Swali lilikuja na milango yake yote wazi:
nakukumbuka, nakutunza, nakuchukia, nakujali?
Vaida hakuuliza ni upi.
"Ndiyo," alisema, akapokea kijiko.

Baadaye akamshika kiwiko, wakaelekea kitandani,
korido tupu, zulia la kijivu, sawa kama meza.
Mlangoni Ishbel akamvuta mkono kwa nguvu
ambayo Vaida hakujua kama bado ipo.
"Maindi kizingiti."

Hapakuwa na kizingiti.
Palikuwa na nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda
iliyobomolewa kabla Vaida hajazaliwa,
jiwe la mlangoni lililochimbika katikati kwa nyayo,
na msichana mmoja anayerudi zamu ya usiku, gizani,
akimwonya anayemfuata.

Vaida akainua mguu,
juu kidogo kuliko alivyodhani inahitajika,
akauvuka.