Fomu Yenye Safu Nane

Kazi yangu ni kuthamini. Naingia uani na futi kamba,
natoka na jumla.
Mjimwema, mtaa wa pili kutoka ufukweni,
nyumba ishapigwa X nyekundu, rangi imechuruzika
mpaka kizingitini, bado mbichi.
Hapa utapita waya.
Utoke baharini, upande nchi kavu,
ukawashe maghorofa ambayo kwa sasa ni picha
kwenye bango la mabati: bustani isiyo na vumbi,
watu wasio na vivuli wakisukuma mtoto.

Bi Siwema Kondo ananifuata nyuma
na kikombe cha chai ambacho sikukiomba.
"Choo umeandika?"
Nimeandika.
"Minazi?"
Mitatu, mmoja hauzai.
"Unazaa. Mwaka huu umenuna tu."
Nafuta. Mitatu, inazaa.

"Na jiwe langu?"

Jiwe gani, bibi?
Ananionyesha kwa kidevu, kule maji yanapovunjikia.
Alilirithi kwa shangazi yake, lina matundu kumi na moja,
kila tundu na jina lake,
na maji ya bamvua yakipwa huliendea na mchokoo:
pweza mmoja daftari, wawili sare,
watano, Jumanne moja anayoikumbuka mpaka leo, bati la jikoni.

Ukuta, paa, sakafu, choo, kisima, miti, kaburi.
Ya nane ni Mengineyo, upana wa kidole.

"Siku hizi limeota mvi," anasema.
"Mwaka ule maji yalipopata homa, weupe ulianzia kileleni, ukashuka.
Pono hawaji. Tasi wanapita tu,
kama wageni ambao hawakukaribishwa kiti.
Nabisha hodi matundu yote kumi na moja.
Kimya."
Kisha, akiwa ameshika mlango wenye X:
"Huo umeme, ni wa bahari kweli?"
Kweli, bibi. Maji yakijaa, yakipwa, yanazungusha rafadha.
"Basi nitanunua LUKU ya jiwe langu mwenyewe."
Anacheka peke yake.
Nami napima dirisha ambalo nilishalipima.

Usiku dada yangu Mwanvua anarudi na chumvi masikioni.
Yeye anahesabu chini.
Kampuni imempa mtungi wa hewa,
kalamu inayoandika ndani ya maji,
na fomu, ndefu kuliko yangu.
Rafadha, anasema, inakwenda taratibu kuliko unavyodhani,
kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa.
Maji mafu ikifika, inasinzia.
Na kwenye mguu wake wa zege wamehamia kome,
chaza, kitatange wawili wasioachana,
na leo, kwenye ufa ambao fundi aliusahau,
pweza jike.
"Amepanga kokoto mlangoni. Ametaga.
Nimemwandika mkazi wa kudumu."

Mkazi wa kudumu! Hana hati,
hajaitwa serikali ya mtaa,
hakuna aliyemjia na ndoo ya rangi.
Nilitaka kucheka, wali ukanikwama.
Kutoka hapo mpaka kwenye jiwe la yule bibi, nikauliza, kuna umbali gani?
"Mita mia nne. Lakini pale haingii mtu.
Wameweka maboya."
Fomu yako ina safu ya watu?
Mwanvua akatikisa kichwa akimwaga maji ya sikio,
sikujua anajibu au anajikausha.

Saa sita usiku nimefungua faili.
Safu ya nane, kwa herufi ndogo mpaka macho yananiuma:
*jiwe moja, matundu kumi na moja, tupu;
mpangaji amehamia mtamboni.*
Pembeni yake, Thamani. Nimeshika kalamu
mpaka wino ukaacha doa.

Mkuu atakata, najua, kwa wekundu ule ule.
Ataniita, atauliza nimetumwa na nani
kuijaza bahari kwenye karatasi za nyumba.
Sina kifungu cha sheria.
Nitamwambia, nilikunywa chai yake.