Jina Likikosekana

Rejesta za vizazi za Micheweni, mabuku arubaini na moja,
zililetwa Wete ndani ya mifuko ya saruji.
Shaame kazipiga picha, ukurasa kwa ukurasa;
kidole gumba chake kimo karibu kila picha.
Kazi yangu mimi: mashine izisome
kabla ya Ijumaa.

Laptopu yangu ya zamani, lakini ina viini vinne.
Nikasema, kwa nini kimoja kivuje jasho
na vitatu vimekunja nne?
Nikaandika: ita wasaidizi wanne,
kila mmoja mpe buku lake.
Nikabonyeza. Nikaenda kuteleka chai.

Niliporudi inapuliza moto kama seredani,
kioo kimeganda, kishale hakiendi.
Kila aliyeitwa aliufungua waraka wangu
kuanzia bismillahi,
na mstari wa tatu unasema: ita wanne.
Naye, mtiifu, akaita.
Nao, watiifu, wakaita.
Nilibana kitufe mpaka giza.

Kosa si lao. Sikuandika popote
nani mwenye nyumba, nani kaja kwa mwaliko.
Ulikosekana mstari mmoja wa kusimama mlangoni uulize:
wewe ndiye mkuu? Amrisha.
Wewe umeitwa? Shika buku lako, nyamaza.

Nikadhani nimemaliza. Wapi!
Kosa la pili lilikuja kwa herufi nyekundu.
Kuna kijikazi nilikiandika papo hapo, kwa haraka,
cha kufuta nafasi tupu baina ya maneno,
sikukipa jina.
Hakifungashiki, ikasema mashine.
Msaidizi yuko chumba chengine;
ukimpelekea kitu sharti ukifunge, uandike juu yake,
na kisicho na jina utakiandika nini?
Nikakiita Safisha. Kikabebeka.

La tatu halikusema kitu.
Watatu wakamaliza, wa nne kimya.
Hakuna wekundu, hakuna neno,
na mkuu hafungi kazi mpaka wote warudi.
Saa nane ya usiku. Kwenye Tukuza, uniti mbili na nusu.
Mama, kutoka chumbani:
"Salhiya, hicho kidude kinakula umeme
au kinakula wewe?"

Nikarudi nyuma. Msaidizi mmoja, buku moja,
ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu achambuaye mchele.
Nikamwambia aseme kila anapofika.
Nimefika tisini.
Nimefika mia.
Nimefika mia na kumi na nane

na hapo akanyamaza.

Nikaifungua picha kwa mkono wangu.
Kidole cha Shaame. Wino wa buluu uliopauka.
Mkunga kaandika: Kiuyu, mapacha.
Wa kwanza, Mize binti Faki.
Wa pili, kisha kalamu ikasimama, ikaacha doa.
Tarehe ipo. Uzito upo: ratili tatu.
Baada ya hapo karatasi tupu hadi ukingoni.

Msaidizi hakufa.
Alikuwa pale pale, mbele ya doa, anatafuta.
Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia:
usitoke hapo mpaka upate jina.
Saa tatu nzima kasimama anatii.

Nikafuta. Nikaandika upya, polepole,
vidole vimekuwa vizito:
jina likikosekana, usingoje.
Chukua tarehe, chukua ratili, chukua jina la baba.
Mhesabu. Endelea.

Wanne wakaondoka pamoja, nikaona namba zinapanda,
buku la ishirini, la ishirini na sita,
na uniti zikaisha.

Nikakaa gizani na chai iliyopoa.
Mama ni mtu wa Kiuyu. Pengine anamjua Mize,
pengine walichota maji kisima kimoja.
Nilimsikia anageuka kitandani, yu macho.
Sikumuuliza.
Asubuhi kwanza nikanunue umeme.