Meno Thelathini na Manne

Jumapili, saa nne asubuhi, baiskeli kumi na moja
zimeegemea ukuta wa baa ya Nekane
zikichuruzika matope kama mbwa waliotoka mtoni.
Manyunyu yetu ya Bizkaia, si mvua, si umande,
yanakulowesha huku yakikuomba radhi.

Ndani, Koldobika kaja na mizani ya jikoni.
Anaweka juu yake skrubu mbili za titani,
anainama kama sonara:
"Gramu tisa. Za chuma zilikuwa kumi na saba!"
Halafu anaagiza kipande cha tatu cha mkate wa mayai.

Peru, mdogo wetu, anasifu rimu zake za kaboni:
zikishika kasi, asema, zinaimba.
"Zinaimba," ajibu Garazi fundi, "mpaka upepo wa ubavuni
ukutupe mtaroni. Hapo utaimba wewe."
Xanti amehamia tairi pana, upepo kidogo.
Zamani tulijaza hadi tairi likawa gumu kama mfupa,
tukatetemeka hadi kucha,
na ule mtetemo tukauita kasi.
Peio hataki gia za betri. Anataka waya,
waya unaokatika mbele ya macho yako, kwa heshima.
"Baiskeli si simu," anagonga meza,
na kahawa ya jirani inamwagika.

Kila kipuri kina bei mbili:
ya dukani, na ya kumwambia mke.
Itziar wa Koldobika anazijua zote mbili.
Ndiye anayeshika daftari la duka.

Mimi leo sichangii.
Baiskeli yangu nimeiegemeza kinyume,
mnyororo umeelekea ukutani,
kama mtoto aliyeadhibiwa.
Garazi peke yake anajua. Alinifungia Alhamisi usiku,
mlango wa karakana umeshushwa nusu,
kaseti mpya, sahani yake kubwa
meno thelathini na manne.

Mimi! Miaka thelathini nikipanda kwa ishirini na matatu,
nikiwacheka vijana: mwenye miguu hahitaji ngazi.
Mpaka Februari, kona ya tatu ya Urrezti,
goti likatoa mlio wa tawi bichi.
Nikashuka. Kikundi kikanipita.
Nikatoa simu, nikajifanya nampiga picha kondoo.
Kondoo akanitazama
kama mtu anayejua.

Wiki ileile daktari akaning'oa gego.
Nikapiga hesabu kitandani, ulimi ukipapasa pengo:
kinywani natolewa,
nyuma ya baiskeli naongezewa.

Sasa Koldobika ametoka kufuata chupa yake.
Anakawia.
Kupitia kioo chenye mvuke namwona amechuchumaa
kati ya ukuta na gurudumu langu la nyuma,
kidole chake kinatembea, jino kwa jino, anahesabu.

Anarudi. Anakaa. Anaisukuma mizani kando.
"Nani hapa," auliza, "ana thelathini na manne?"
Mashine ya kahawa inapumua.
Nimeshika kijiko, sijui kwa nini.

"Thelathini na mawili," asema Peio, "tangu Pasaka."
Xanti anakohoa: "Thelathini na manne. Ile ya pili nyumbani
ina zaidi, lakini hiyo ni ya msituni."
Mkono wangu umeinuka wenyewe.
Na Koldobika, akizirudisha skrubu zake mfukoni,
taratibu, moja, ya pili:
"Mimi thelathini na sita. Chuma kizito kile, jamani.
Mlidhani nafidia nini kwa hizi gramu nane?"

Tumecheka hadi Nekane akatoka jikoni na kisu cha vitunguu.

Saa tano tupo Urrezti.
Kona ya kwanza, klak. Ya pili, klak,
milio inashuka mstarini, mtu baada ya mtu,
hakuna anayegeuza shingo.
Peru pekee amesimama juu ya pedali,
anayumba kushoto, kulia, anachora barabara nzima,
rimu zake kimya.

Kona ya tatu, yule kondoo.
Nimempita nimekaa.
Sikumpiga picha.